Mkono wa Katikati

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeona maji ya ziwa yakipanda hadi samaki wadogo wakaogelea chini ya kitanda changu. Nikakiinua kitanda juu ya matofali, nikalala. Nimeona pipa la sabuni likifura na kumwagika mpaka barabarani, watu wakapiga kelele. Mimi nikachukua koleo. Nimeona askari akilipa kipande cha sabuni bei kamili, na akasema asante. Kwa hiyo nikikuandikia habari za Profu, usifikiri ni kwa sababu alinishangaza. Naandika kwa sababu nimemchukia zaidi ya miaka thelathini, na mtu uliyemchukia muda mrefu namna hiyo unamjua kuliko ndugu yako wa tumbo moja.

Uvira nzima inamwita Profu. Walimu wa sekondari kwetu ni wengi na wote ni maprofu, lakini ukisema Profu peke yake, bila kuongeza neno, kila mtu kuanzia Kavimvira hadi Kalundu anajua unamsema yule wa kemia. Alizaliwa wapi, baba yake nani, siandiki. Sijui, na sijawahi kutaka kujua. Mimi mwenyewe sikusoma sana, lakini najua kwamba mtu si mahali alipotoka. Mimi nilitoka kwenye nyumba ya udongo Mulongwe, leo nina mapipa mawili ya kupikia sabuni, wafanyakazi sita, pikipiki, na paa la mabati lisilo na kutu hata moja. Njoo uangalie.

Tuanze na mavazi yake, maana ndiyo yanayotangulia kufika. Ana koti jeupe la maabara ambalo weupe wake ni wa kuhadithiwa. Asidi imelitoboa mbele kama wavu wa ndagala. Mkono wa kushoto wa koti ni mfupi kuliko wa kulia, kwa sababu uliungua siku moja akakata tu palipoungua, hakushona. Mfuko mmoja una chaki. Mfuko wa pili una ndagala wakavu katika karatasi ya daftari, na anapofundisha hutafuna samaki mmoja mmoja, kichwa kwanza. Mara nyingine huingiza mkono kwenye mfuko usio wenyewe. Wanafunzi wameapa mbele yangu kwamba walimwona akitafuna chaki hadi ikaisha, kwa kuwa aliona aibu kuitema.

Anatembea katikati ya barabara. Si pembeni, katikati. Pikipiki humpigia honi, naye haongezi mwendo wala hapunguzi. Mwendeshaji mmoja alimwambia, "Mzee, unataka kufa?" Profu akasimama, akageuka, akaanza kumweleza jinsi mwili wa binadamu unavyooza, hatua kwa hatua, na gesi zinazotoka. Yule kijana aliizima pikipiki akasikiliza. Nadhani hakula nyama wiki nzima.

Hilo ndilo tatizo lake kubwa kuliko yote: hamalizi. Au niseme vizuri, anamaliza, lakini kwa saa yake. Ukimuuliza jambo dogo anaanzia kwenye kuumbwa kwa dunia. Ukitaka kumkata, ananyanyua kidole chenye chaki na kusema, "Sijamaliza." Neno hilo amelisema mazishini, amelisema kanisani, amelisema mbele ya watu wenye bunduki. Kwenye kizuizi cha barabara ya Runingu askari alimwomba kitambulisho. Profu akampa, akaanza kumweleza plastiki iliyofunika karatasi ile inatokana na nini. Askari akamrudishia akamwambia, "Ni sawa, papa, pita." Profu akakataa kupita. "Sijamaliza," akasema. Basi zima likakaa juani kumngoja. Nilikuwa ndani ya basi lile na bidoni zangu, madumu ya mawese, kwa hiyo sisimuliwi.

Watu wanamwita mtu wa msaada kwa sababu hapokei pesa. Ni kweli, hapokei. Wafanyabiashara wamemfuata na bahasha ili awapimie dawa za kuua wadudu, kama ni za kweli au ni maji ya rangi. Anapima, anawatukana, anarudisha bahasha. Lakini huyohuyo nimemwona sokoni akihesabu ndagala mmoja mmoja kwenye fungu la mama muuzaji, akilalamika kwamba fungu la jana lilikuwa na vichwa vingi zaidi. Anafundisha bure wanafunzi waliofukuzwa kwa kukosa ada, jioni, nyumbani kwake. Huohuo moyo mwema unamtupa nje mtoto kwa sababu ya biki, kalamu tu ya kuandikia. Hiyo biki nitakuja kuisema.

Na usafi! Hakuna mtu Uvira anayehubiri usafi kama yeye, na hakuna anayenunua sabuni kidogo kama yeye. Kila Jumamosi alikuwa anakuja kwenye kiwanda changu kununua nusu kipande. Si kipande, nusu. Ilibidi Mama Furaha, mfanyakazi wangu wa tangu mwanzo, achukue waya na kukata kipande kizima katikati kwa ajili ya mtu mmoja. Halafu Profu anachukua nusu yake, anatoa ulimi, anailamba.

"Kostiki iko mingi," anasema, yaani ile soda kali ya kupikia sabuni. "Inauma. Weye utachoma batoto ya bantu."

Mbele ya wateja! Wamesimama na vikapu vyao, wanageuka kuniangalia.

"Profu, sabuni si ya kula," nilimwambia siku ya kwanza.

"Ulimi haudanganyi. Weye unapima kostiki na nini?"

"Na macho yangu. Miaka ishirini niko naipika."

"Njo maana," akasema, akaondoka na nusu yake.

Wateja walicheka. Mama Furaha alicheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilisimama pale kama mtu wa maana. Ndiyo, nilipunguza kostiki katika pipa lililofuata. Lakini nilingoja kwanza apotee kwenye kona.

Sasa biki. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na yeye alikuwa kijana, koti bado jeupe. Siku hiyo nilikuja darasani bila biki. Sababu haikuhusu. Aliingia, akapita kati ya benchi, akasimama juu yangu.

"Biki yako iko wapi?"

"Sina, Profu."

"Utaandika na kidole? Toka. Nunua biki, rudi."

Sikurudi. Wengine wangerudi, mimi nina kichwa. Nilitoka moja kwa moja hadi sokoni Mulongwe, nikabeba sabuni za mama mmoja, jioni akanipa vipande viwili vya ujira, nikaviuza. Hapo ndipo kampuni yangu ilipoanzia. Kwa hiyo watu wanaposema Profu ametengeneza madaktari na mainjinia, waongeze na mimi. Mimi alinitengeneza kwa kunifukuza. Simdai shukrani na yeye asinidai.

Unaona basi kwamba nilikuwa na kila sababu ya kutokanyaga nyumbani kwake. Nilikwenda kwa sababu ya pomadi.

Sabuni zangu nyingi zinanunuliwa na mtu mmoja, Bi Zaina. Ana duka Kalundu karibu na bandari, na maboti yanapeleka mali yake hadi Baraka na kuvuka hadi ng'ambo. Babu zake walikuwa wafanyabiashara wa ziwa hili kabla hatujajua kuandika jina la sabuni, na yeye mwenyewe anaweza kunusa mali mbovu kutoka ng'ambo ya barabara. Alinipa kazi mpya: mafuta ya kujipaka, laini, meupe, yale ambayo nusu yake ni maji na nusu yake ni mafuta, na yanashikana. Vikopo mia mbili vya kuanzia.

"Lakini yashikane, Baba," aliniambia. "Yasiachane. Ile ya mwenzako wa Kasenga iliachana ndani ya kikopo, maji huku, mafuta kule, kama bibi na bwana bamegombana."

Nilijaribu mwenyewe mara tatu. Yaliachana mara tatu. Niliwasikia watu wanasema kuna kitu kinachoshikisha, kinatengenezwa kwa gliserini, yale maji mazito matamu, na stearini, yale mafuta magumu meupe ya vipande ya kutengenezea mishumaa. Vyote viwili vinapatikana ng'ambo ya mpaka. Lakini vinapikwaje? Uvira nzima ilinijibu jina moja.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba yake ya ufukweni. Ziwa lilikuwa limeshachukua jiko na nusu ya sebule. Ubao wake wa kufundishia ulikuwa umetundikwa ukutani, na mstari wa matope uliukata chini, mahali maji yalipofikia. Hakushangaa kuniona. Alisema, "Bwana Kostiki," basi.

Nikamweleza ninachotaka. Akasimama akachukua chaki.

"Weye, kazi yako ya miaka ishirini ni nini?"

"Sabuni."

"Hapana. Kazi yako ni kubomoa. Mafuta ya mawese ni gliserini imeshikana na mafuta asidi. Pale zinaposhikana, tunapaita esta. Weye unatia kostiki, unabomoa esta, unachukua sabuni, gliserini unaimwaga ku mtaro na ile maji ya chumvi. Miaka ishirini unalisha vyura utamu. Leo unataka kujenga. Muntu wa kubomoa anataka kujenga."

Nikayameza matusi yake. Mtu anayetafuta kitu anameza.

Akachora. Nakubali kwamba anachora vizuri. Alichora mafundo matatu yaliyofuatana, na kutoka kila fundo mkono mmoja uliotoka nje.

"Gliserini iko na mikono tatu. Huyu, huyu, na huyu. Kila mukono unaweza kushika mafuta moja. Ukishika, unatoa tone moja ya maji, njo unaona mvuke. Usifunike sufuria, maji ikirudi itabomoa tena. Unanifuata?"

"Niko nafuata."

"Sasa, mikono haiko sawa. Hii mbili ya pembeni iko ku uwazi, kila moja iko na jirani upande moja tu. Mafuta inakuja, inashika mbio. Hii ya katikati iko imebanwa na ndugu zake huku na huku. Mafuta inakuja, inagonga, haipati njia. Inashika polepole, kwa nguvu, kwa moto ya muda mrefu. Kilo moja ya gliserini, ukitaka kila moja ishikwe mukono moja, inataka kama kilo tatu ya stearini."

Hapo nikaona mwanga. Mimi hesabu sikufundishwa, nilizaliwa nayo. Mkono mmoja kilo tatu, mikono mitatu kilo tisa. Na mkono wa katikati ni mkaidi, kwa hiyo moto mkali na muda mrefu. Nikasimama, nikajipangusa mchanga.

"Nimeelewa, Profu. Asante."

Akanyanyua kidole. "Sijamaliza."

"Nimeelewa. Niko na kazi."

"Sijamaliza, nakuambia!"

"Profu, minye si mwanafunzi yako," nikasema, na nilifurahi sana kulisema. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka thelathini. Niliondoka nikimwacha na kidole chake hewani, na nilipogeuka mara moja tu, kidole kilikuwa bado juu.

Nilipika mwenyewe, sikumwachia mtu. Kilo nne za gliserini, kilo thelathini na sita za stearini, kostiki kidogo ya kuamsha, na makala ya Fizi, makaa yale mazito yanayokaa na moto. Sikufunika. Mvuke ukatoka kama alivyosema. Baada ya saa chache ukapungua, na mpishi wa kawaida angedhani kazi imekwisha. Mimi sikuachia. Nilijua kuna mkono wa katikati humo ndani unaojificha kati ya ndugu zake. Nikaongeza makala. Mvuke mwembamba ukaanza tena, nikamwambia Mama Furaha, "Unaona? Unakubali sasa huo." Nilikaa na sufuria ile tangu asubuhi hadi kengele ya jioni ya kanisa, kichwa changu chote moshi, na nilipozima moto hapakuwa na uzi wa mvuke tena. Yakapoa, yakawa meupe, magumu, yanang'aa kama jiwe la kanisa. Niligonga kwa kucha. Yakalia.

"Mazuri," alisema Mama Furaha. "Lakini Patroni, hii si inafanana na mushumaa?"

"Kazi yako ni kukoroga," nikamwambia.

Tukayeyusha, tukatia maji ya moto, tukatia manukato, tukakoroga hadi mabega yakauma. Yalishikana! Meupe, mazito, laini. Tulijaza vikopo mia mbili vyenye jina langu ubavuni, na mimi mwenyewe nilivipeleka Kalundu juu ya pikipiki, safari nne.

Vilikaa siku mbili. Siku ya tatu, jua la mchana likiwa kali, mkokoteni ulikuja ukiwa na vikopo vyangu vyote, na nyuma ya mkokoteni alikuja Bi Zaina kwa miguu, mwavuli mkononi. Hakupiga kelele. Watu wa namna yake hawapigi kelele. Alifungua kikopo kimoja, akakiinamisha. Maji yakamwagika juu ya kiatu changu. Kilichobaki ndani kilikuwa kidonge kigumu cheupe.

"Baba," alisema, "umeniuzia mushumaa na maji ya kuuzimia?"

Wafanyakazi wangu wote sita walikuwa wamesimama wakiangalia kiatu changu.

"Nitarekebisha, Bi Zaina."

"Jumamosi boti inaenda Baraka. Nilishaahidi bantu. Kama Jumamosi iko kitu kama hii tena, pomadi sitaki, na sabuni yako pia sitaki. Nitamwachia mwenzako wa Kasenga."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Bila Bi Zaina nina mapipa mawili ya kupikia sabuni ya kuoga mwenyewe. Watu sita wangerudi nyumbani. Mabati yangu yasiyo na kutu ningeyauza moja moja. Sikulala vizuri, lakini nilikula, kwa sababu mimi hata nikianguka nakula.

Alhamisi asubuhi nilikwenda tena. Nyumba ya ufukweni ilikuwa haikaliki tena; ziwa lilikuwa limeichukua sebule yote. Profu alikuwa amehamia kwenye chumba kimoja cha nyuma ya shule, pale wanapoweka benchi zilizovunjika. Mama Furaha alikuja nami, amebeba kikopo kimoja kama ushahidi. Nilimkataza, akaja.

Alikuwa amezeeka tangu nilipomwacha na kidole juu, ingawa haikuwa imepita miezi miwili. Koti lilimpwaya. Alikohoa kabla ya kusema, na baada ya kusema. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, na mchoro wangu, mafundo matatu na mikono mitatu, ulikuwa bado pale. Hakuufuta. Alihama nyumba, akauhamisha ubao pamoja na mchoro wake, huyo mzee. Nilijua palepale kwamba alikuwa ananingoja, na nilimchukia upya.

Akachukua kikopo kwa Mama Furaha. Akachomoa kile kidonge, akakigonga, akakilamba.

"Mukono ya katikati ilishika?" akauliza.

"Ilishika. Niliibana siku nzima."

"Yote tatu?"

"Yote tatu."

Alianza kucheka. Kicheko chake ni kikohozi chenye meno. Kilimchukua muda, ikabidi aketi.

"Profu, niko na siku mbili. Niambie ile ulitaka kumaliza."

Akapangusa macho. Akaniangalia kuanzia kiatu hadi kichwa.

"Weye iko na biki?"

Nilikuwa na simu mbili. Nilikuwa na funguo za kiwanda, funguo za pikipiki, saa ya mkononi. Nilipapasa mifuko yote kama mtu anayetafuta nyoka.

"Sina. Nitashika na kichwa."

"Kichwa yako tulishaiona," akasema, akaonyesha kikopo. "Toka. Nunua biki, rudi."

Maneno yaleyale. Hakubadilisha hata moja. Sijui kama alikumbuka. Sitajua, kwa sababu sitamuuliza. Nina mvi kidevuni. Kuna watu wananiinamia barabarani. Nilitoka nje, na nakiri, miguu yangu ilishaanza kuelekea sokoni, njia ileile ya zamani.

Mama Furaha alinifuata hadi getini.

"Patroni, unaenda wapi? Kioski ni hii hapa."

"Niko naenda nyumbani."

"Basi nenda," akasema. "Minye nitabaki nisikilize. Jumamosi nitaenda Kasenga kutafuta kazi, nitawapikia pomadi kule. Nitasema nilijifunza kwako."

Alisema akitabasamu, kanga mdomoni. Nilimwangalia mwanamke huyu niliyemlipa miaka yote hiyo, nikaona kwamba angefanya. Nikavuka barabara hadi kioski.

Niliporudi, Profu alinionyesha benchi. Lilikuwa la watoto wa darasa la kwanza, magoti yangu yalifika kifuani. Akanipa karatasi iliyokuwa imefungia ndagala. Akaanza mwanzo kabisa. Mwanzo! Mafundo matatu, mikono mitatu, pembeni mbio, katikati polepole, tone la maji, usifunike. Niliandika yote, na kila nilipotaka kusema "hiyo najua," nilimwona Mama Furaha akiniangalia, nikafunga mdomo. Hatimaye akafika pale nilipomwacha.

"Andika. Mafuta haipendi maji. Mukono mutupu ya gliserini inapenda maji. Ukitaka kitu ya kushikisha maji na mafuta, unataka muntu moja mwenye mukono moja ameshika mafuta, na mikono mbili tupu ya kushika maji. Tupu! Weye ulijaza yote tatu. Nani atashika maji? Gliserini yenye mikono tatu imejaa, inaitwaje?"

Nikaweka biki tayari kuandika jina.

"Inaitwa mafuta, Bwana Kostiki. Mafuta tu. Kitu kama hiyo muti ya mawese inapika bure juu ya kilima, bila makala. Weye ulilipa, ukaunguza makala ya siku nzima, ukatengeneza kazi ya muti."

Mama Furaha alijigeuza ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

"Basi namna gani?" nikasema.

"Njo hiyo nilikuwa nataka kumaliza. Unatia gliserini mingi, stearini kidogo. Gliserini kilo mbili, stearini kilo tatu. Mikono inakuwa mingi kuliko mafuta. Mafuta inafika, inakuta mukono ya pembeni iko wazi, inashika ile, basi, mafuta imeisha. Ya katikati unaiacha. Ni polepole? Iache polepole. Wenye haraka watashikwa mbele yake. Mvuke ikipungua, zima moto. Usifukuze ya katikati. Weye siku nzima ulikuwa unafukuza ile ungeacha."

"Na nitajua je imekubali?"

"Tone moja ku maji ya moto, koroga. Ikielea macho ya mafuta, umerudia kazi ya muti. Maji ikikuwa meupe kama maziwa, umejenga."

Niliandika hadi mwisho. Nilipomaliza alinyoosha mkono, nikadhani anataka kusahihisha maandishi yangu. Akachukua biki yangu, akaifunga kifuniko, akaitia kwenye mfuko wa ndagala.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

"Ya darasa," akasema. "Sasa nimemaliza."

Ijumaa nilipika. Mvuke ulipopungua mkono wangu uliingia kwenye gunia la makala wenyewe, kwa mazoea, na Mama Furaha akaupiga. Tukazima. Nikadondosha tone kwenye glasi ya maji ya moto, nikakoroga, na maji yakawa meupe kama maziwa ya ng'ombe wa mlimani. Sikushangaa. Mama Furaha alipiga kigelegele hadi majirani wakatoka, mimi nikamwambia aache, watu wasifikiri hatukutegemea.

Jumamosi Bi Zaina aliviweka vikopo kumi juani juu ya ukuta wa bandari, kuanzia asubuhi hadi boti ilipowasha mashine, akavifungua kimoja kimoja, akaviinamisha. Hakuna kilichomwagika. Akajipaka kidogo nyuma ya mkono. "Sasa wamepatana," akasema, na vikopo vikapakiwa. Siku hizi anachukua mia tano kila mwezi.

Profu sikumpelekea kitu, na asingepokea. Bado anakuja, siku hizi na fimbo, anachukua nusu kipande, anailamba mbele ya wateja. Mwezi uliopita hakusema kitu, aliilamba tu akaondoka, na wateja wakabaki wananiangalia kana kwamba ndiyo mbaya zaidi. Pomadi hajawahi kununua. Ngozi yake imepasuka kama udongo wa Bwegera wakati wa kiangazi, na anajua vizuri dawa yake iko wapi na ilitoka kichwani mwa nani.

Nimepiga hesabu mwenyewe, gliserini, stearini, makala, manukato, vikopo mia mbili vilivyotupwa na jina langu ubavuni. Ile nusu ya sentensi niliyoiacha hewani na kidole chake ilinigharimu dola mia nne na kumi na mbili, na faranga mia tano za biki.